Kesi ya mtu aliyepotea ikigeuka ya mauaji, inafia wapi? (Tabora na Kigoma)

Mwana_Isevya (mleta uzi)
Wakuu, habari za jioni. Tuchukue mfano ambao kila mtu huku kwetu anaujua sura yake. Kijana wa bodaboda anapakia abiria stendi ya Tabora jioni, anashika barabara ya Urambo, harudi. Simu haipatikani. Wiki kadhaa baadaye mrina asali anakuta mifupa na kiatu kimoja ndani ya miombo. Pikipiki inakamatwa Kasulu. Watu wawili wanashtakiwa kwa mauaji, wanakaa mahabusu miaka, mwisho wanatoka. Mtaani tunamaliza na neno moja: "wametoa kitu."
Mimi nabisha. Nasema kesi hizi nyingi zinafia kituoni siku tatu za kwanza, kabla hata hazijawa za mauaji, na ndugu wa marehemu wanashiriki kuziua bila kujua. Anayepinga alete vifungu, asilete hasira.

MgebukaMbichi
Nimeweka kiti. Ila hizo siku tatu zenyewe zinatoka wapi? Watu wanaambiwa "subirini saa 24 zipite ndipo mrudi". Hakuna kifungu cha sheria Tanzania kinachosema hivyo. Mtu anaripotiwa saa ileile ndugu wanapoona hali si ya kawaida.

Bi Kanyenye
@MgebukaMbichi sahihi kabisa. Na kuripoti siyo kusema tu "kaka kapotea" ukapewa RB (namba ya taarifa polisi) ukaondoka. Mambo ambayo lazima yaandikwe siku hiyohiyo: nguo alizovaa na alama yake ya pekee (kiraka, kifungo tofauti, kiatu kilichoshonwa upya), makovu, jino lililong'oka au lenye dhahabu, chuma kama aliwahi kuvunjika mfupa, namba zake zote za simu, pikipiki kwa namba ya fremu na ya injini. Namba ya usajili haitoshi, kibao kinabanduliwa kwa bisibisi. IMEI, namba ya utambulisho wa simu yenyewe, iko kwenye boksi la simu. Boksi likitupwa, njia hiyo imefungwa.
Halafu jina. Kama kuna mtu kijiweni aliyemwona abiria na anamfahamu, jina litajwe kwenye maelezo ya kwanza kabisa. Mahakama ya Rufani imesema mara nyingi kwamba shahidi kumtaja mtuhumiwa mapema ndiyo dalili ya ukweli wake. Anayemtaja miezi minne baadaye, baada ya mifupa kuonekana, wakili wa utetezi atamuuliza swali moja tu: ulikuwa wapi?
Huku mnazunguka hospitali, na vyumba vya maiti msivikwepe: Kitete, Nkinga, na kwa walioelekea magharibi Maweni na Kabanga. Na mahabusu za polisi.

Mzee wa Manyovu
Kwa Kigoma ongeza Uhamiaji hapo. Kijana wa Buhigwe au Kasulu anaweza kuwa amezuiwa kwa mashaka ya uraia, simu imechukuliwa, nyumbani wanalia msiba. Ulizeni huko kabla hamjaanza kumshuku jirani.

Chuma Chakavu
Kwanza kabisa wachukue PF3, bila hiyo polisi hawasogei.

MgebukaMbichi
😂 PF3 ya nani mkuu? Hiyo ni fomu ya aliyejeruhiwa kwenda kutibiwa. Aliyepotea utampeleka kwa daktari gani?

Karani wa Zamani
Mwana_Isevya, nakupinga kwa heshima. Kituoni kuna makosa, ndiyo, lakini kesi nyingi zinafia kwenye makaratasi kati ya kituo na Mahakama Kuu. Natumia namba za toleo la zamani la Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, maana Toleo la Urekebu la 2023 limezisogeza baadhi.
Kesi ya mauaji inafunguliwa mahakama ya chini, ambayo haina mamlaka ya kuisikiliza. Ndiyo maana mshtakiwa haruhusiwi kujibu kitu siku ya kwanza. Inatajwa kila siku 14, "upelelezi haujakamilika". Dhamana hakuna, kifungu cha 148(5). Upelelezi ukikamilika jalada linakwenda Ofisi ya Taifa ya Mashtaka, hati ya mashtaka inasajiliwa Mahakama Kuu, ndipo mshtakiwa anarudishwa mahakama ya chini kusomewa maelezo ya mashahidi na kuonyeshwa orodha ya vielelezo. Mtaani hatua hiyo bado wanaiita PI (preliminary inquiry).
Sasa kaa hapo. Hati ambayo maudhui yake hayakusomwa siku hiyo, baadaye Mahakama ya Rufani inaifuta kwenye kumbukumbu. Shahidi ambaye maelezo yake hayakusomwa haingii mpaka utetezi upewe notisi ya maandishi, kifungu cha 289. Ripoti ya uchunguzi wa maiti ikipokelewa kama kielelezo kisha isisomwe kwa sauti mbele ya mshtakiwa, nayo inafutwa. Mshtakiwa asipoambiwa haki yake ya kutaka daktari aitwe ahojiwe, kifungu cha 291, ni hivyohivyo. Unaweza kuwa na ushahidi mzuri ukautupa kwa sababu mtu hakusoma karatasi kwa sauti.

Mwana_Isevya
Karani, hiyo ripoti ya daktari inatoka wapi kama maiti ilizikwa bila daktari? Ndiyo narudi palepale: siku za kwanza.

Fundi wa Gungu
Mnazungumzia makaratasi, pikipiki mmeisahau. Kwa mfano wa mleta uzi, pikipiki ndiyo kesi yenyewe. Kuna kanuni ya kukutwa na mali iliyoibwa hivi karibuni. Mahakama inataka vitu vinne: mali imekutwa kwa mshtakiwa, mali ni ya marehemu bila shaka, imechukuliwa karibuni, na ndiyo hiyohiyo inayotajwa kwenye shtaka.
La pili ndilo linalowaangusha. Pikipiki nyingi za vijiweni siyo za dereva. Ni za bosi, dereva anapeleka hesabu, au ni za mkataba na kadi iko kwa mwenye mkataba. Pengine bosi mwenyewe alinunua kwa mtu na hakubadilisha jina la umiliki. Mahakamani anakuja mama wa marehemu kusema "hii ni ya mwanangu", kadi inasema jina la mtu wa Nzega ambaye hakuitwa. Hapo mnyororo umekatika.
Namba ya fremu imegongwa shingoni, pale usukani unapopitia. Ya injini iko ubavuni mwa injini, chini. Wezi wanapiga tupa shingoni, wanapaka rangi, wengine wanagonga namba mpya. Tupa haimalizi kazi: chuma kilichogongwa kinabanwa mpaka chini ya mistari unayoiona, kwa hiyo mtaalamu akisafisha na kupaka tindikali namba ya zamani inaweza kurudi. Lakini askari akikuta imekwanguliwa anaandika tu "pikipiki nyekundu isiyo na namba". Nyekundu ziko ngapi Kasulu?
Pia mwenye mali aeleze alama KABLA hajaonyeshwa. Tangi lenye kibonyeo, kiti kilichoshonwa kwa uzi tofauti, sapota ya mguu iliyochomelewa. Ukimwonyesha kwanza, utambuzi umekwisha.

Bi Kanyenye
Hiyo ya kuonyeshwa kwanza ni kwa kila kitu. Kiatu na shati vilevile.

Mzee wa Manyovu
Na upekuzi. Ukienda kupekua nyumba, mshirikishe mwenyekiti wa kitongoji au balozi, jaza hati, mwenye nyumba asaini, mashahidi wasaini, toa stakabadhi. Kifungu cha 38(3). Hati ya upekuzi inatumika jua likiwa juu, usiku mpaka kibali cha mahakama. Naona zinazojazwa kituoni baadaye, mashahidi wote askari. Utetezi unapenda sana hizo.

Toboa Tobo
Tatizo ni moja tu nyie mnazunguka: kipigo. Mtuhumiwa anapigwa, anakiri, anaonyesha mifupa, kila mtu kituoni anashangilia. Mahakamani anasema "nilipigwa", inafunguliwa kesi ndani ya kesi (kupima kama alikiri kwa hiari), maelezo yanatupwa. Kesi haina mguu mwingine. Na hata asipopigwa, kifungu cha 50 kinatoa saa nne tu za kumhoji tangu alipotiwa mbaroni. Huku mtu anakamatwa Kaliua asubuhi, maelezo ya onyo (anayotoa mtuhumiwa polisi) yanaandikwa Tabora mjini kesho yake. Yamekwisha hayo.

Karani wa Zamani
@Toboa Tobo umeruka kitu. Muda wa kumsafirisha kwenda kituoni kwa ajili ya upelelezi hauhesabiwi ndani ya zile saa nne. Na kifungu cha 51 kinaruhusu kuongezwa hadi saa nane nyingine. Kosa ni kutoandika: saa aliyokamatwa, saa ya kuondoka Kaliua, saa ya kufika, nani aliongeza muda. Mahakama haitakukisia.

Toboa Tobo
Kesho yake bado ni kesho yake mkuu. Treni ya mizigo hiyo?

Karani wa Zamani
Ndiyo maana kuna mlinzi wa amani. Hakimu wa mahakama ya mwanzo. Lakini naye ana masharti: aandike mtu alikamatwa lini na wapi, alilala wapi kabla ya kuletwa, kama kuna aliyemtisha, kumwahidi au kumpiga, kama kweli anataka kuzungumza kwa hiari, na amweleze kwamba maneno yake yanaweza kutumika dhidi yake. Amkague mwili. Akiruka hayo, ungamo linaweza kupoteza uzito wote.

Mwisho wa Reli
Halafu kuna kifungu cha 31 cha Sheria ya Ushahidi. Maneno ya mtuhumiwa yaliyopelekea kitu kupatikana yanaweza kutumika, kwa kiasi kinachohusu kile kilichopatikana. "Nilimficha pale kwenye mti" na mifupa ikawa pale: hiyo sehemu inasimama. Swali kubwa linakuwa moja: je, kijiji kilikuwa hakijui tayari? Kama mrina asali alishaona mifupa wiki moja nyuma, hakuna alichoonyesha.

Mwana_Isevya
Hapo umenikumbusha kitu: kwenye mfano wangu mrina ndiye aliyeona. Kwa hiyo "kuonyesha" kumekufa. Wanabaki na pikipiki na mtu wa mwisho kuonekana naye.

Mwisho wa Reli
Na hiyo ya mtu wa mwisho ina nguvu sana kama haelezi walivyoachana. Lakini muda ukiwa mrefu kati ya kuonekana pamoja na kifo, inalegea. Mifupa haikwambii alikufa Jumanne au Ijumaa.

Dokta Igombe
Nisemee mifupa. Kwa joto la huku, mwili uliolala wazi porini unaweza kubaki mifupa ndani ya wiki chache, na fisi akipita unatafuta kiungo kimoja hapa kingine mita mia kule. Wanakijiji wanakusanya kwenye kiroba kwa nia njema. Hapo eneo la tukio limekwisha: hakuna picha, hakuna ramani ya mchoro, hakuna ajuaye fuvu lilikuwa wapi na taya wapi. Mfupa mdogo wa kooni unaovunjika mtu anaponyongwa, haioid, ukibaki chini ya majani daktari ataandika "sababu ya kifo haikuweza kujulikana". Watu wanamlaumu daktari. Alama za meno ya fisi na za panga zinatofautika, lakini kwa mfupa ambao haujasuguliwa na kuoshwa.
DNA: chukua gego zima au kipande cha paja, acha kikauke kivulini, bahasha ya karatasi. Mfuko wa nailoni unashika unyevu, ukungu unaingia, sampuli inaharibika kabla haijafika kwa Mkemia Mkuu wa Serikali. Msichemshe, msipake jiki. Wa kulinganisha naye ni mama na baba, au mtoto wa marehemu. Kaka peke yake ni dhaifu. Na sheria ya vinasaba ya 2009 ina watu wake walioidhinishwa kuchukua sampuli, siyo kila mwenye pamba.

Chuma Chakavu
Na wakishazika?

Dokta Igombe
Kufukua kunahitaji amri ya mahakama. Inawezekana, ila ndugu wengi wanakataa, na sikulaumu mtu hapo.

MgebukaMbichi
Nyie wa asali mna mifupa ya kuokota. Sisi tuna ziwa. Mtu akizamishwa nje ya Kibirizi, hakuna cha kupeleka kwa Mkemia. Maji ya chini ni baridi, mwili haupandi.

Mwisho wa Reli
Siyo baridi mkuu. Tanganyika hata chini kabisa maji yako kama nyuzi 23. Ni mgandamizo. Kila mita 10 unaongeza mgandamizo sawa na wa hewa yote iliyo juu yetu. Kwenye mita 100 gesi tumboni imebanwa kufika kama sehemu moja ya kumi na moja, haiwezi kuinua mwili. Na ziwa hili linakwenda mita zipatazo 1,470, kwingine ufukwe unazama ghafla. Aliyezama kwenye kina kifupi ataibuka, na upepo wa kusi wa Mei hadi Septemba unaweza kumsukuma kaskazini. Akiibukia Burundi au Kongo, unahitaji msaada wa kisheria kati ya nchi na nchi. Sheria ipo tangu 1991, ila karatasi zake hazina haraka.

Toboa Tobo
Basi bila maiti hakuna kesi. Lazima ingoje miaka 7 ahesabiwe amekufa.

Karani wa Zamani
Mawili hayo, yote si hivyo. Kwanza ni miaka 5, Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 161, na ni dhana inayoweza kupingwa, kwenye mashauri ya ndoa. Pili haihusiani na mauaji. Tangu kesi ya Kimweri ya 1968 mahakama zetu zinakubali kifo kithibitishwe kwa ushahidi wa mazingira bila mwili kuonekana. Sharti ni zito: ushahidi ukulazimishe kuona kwamba amekufa, usiache nafasi ya yeye kuwa hai mahali.

MgebukaMbichi
Na Kigoma hiyo nafasi ya kuwa hai ni pana! Mtu anavuka kwenda Uvira kutafuta maisha, miaka miwili hajapiga simu. Wakili wa utetezi akisema "huenda yuko Kongo" jaji atacheka?

Karani wa Zamani
Hatacheka. Ndiyo maana unaleta damu ndani ya mtumbwi, simu iliyozimwa, fedha ambazo hazijaguswa, mkewe aliyejifungua na hakuuliza. Kimoja hakitoshi.

Laini Mbili
Simu sasa. Kosa la kwanza la ndugu: wanakwenda "kurudisha laini" ya aliyepotea ili waone salio na ujumbe. Laini mpya ikiwaka, ile iliyoko kwenye simu yake inakufa, na nyayo zinakatika. Msiguse. Mpelelezi ndiye aombe kumbukumbu kwa kampuni ya simu kwa maandishi, na mtaalamu wa kampuni aje kuzieleza mahakamani. Karatasi iliyochapwa haijitetei yenyewe.
Pili, kumbukumbu zinaonyesha mnara, hazionyeshi nyumba. Mnara wa porini Sikonge unahudumia eneo kubwa, "alikuwa eneo la tukio" inaweza kumaanisha vijiji vitatu. Chenye thamani zaidi ni IMEI: laini nyingine ikipandikizwa kwenye simu ya marehemu, jina la NIDA la laini hiyo linaonekana. Lakini laini zilizosajiliwa kwa kidole cha bibi wa watu zipo tele. Kila mtu apige *106# aone zake.

Mzee wa Manyovu
Na simu ikivuka mpaka ikawekwa laini ya Burundi, kwenye kumbukumbu za hapa inanyamaza tu. Kunyamaza siyo kufa.

Warina
Mmesahau mganga. Familia inakwenda kwa mganga kabla ya polisi. Mganga anamtaja jirani, sungusungu wanamfuata, anapigwa mpaka anakiri. Kisha wanamleta kituoni amevimba, na mnataka OC-CID (mkuu wa upelelezi wa wilaya) aandike maelezo ya hiari? Hapo siyo polisi wala karani aliyeua kesi.

Bi Kanyenye
Na jirani akifa, kesi za mauaji zinakuwa mbili, ya pili ikiwa na mashahidi wengi kuliko ya kwanza.

Chuma Chakavu
Kwani wakiachiwa si wanakamatwa mlangoni tena?

Karani wa Zamani
Hiyo ni Mkurugenzi wa Mashtaka akiondoa shtaka kwa kifungu cha 91, siyo kushinda kesi. Akiliondoa wakati bado mahakama ya chini, anaweza kulirudisha. Mahakama Kuu ikikuona huna hatia, ni jambo jingine. Na tangu 2022 wazee wa baraza si lazima, ili usishangae kuona jaji peke yake.

Toboa Tobo
Hata wakitiwa hatiani, kunyongwa hakuna. Tangu 1994.

Dokta Igombe
Hukumu ya kifo bado ni ya lazima kwenye vitabu, kifungu cha 197 cha Kanuni ya Adhabu, pamoja na Mahakama ya Afrika pale Arusha kusema mwaka 2019 kwamba ulazima huo unavunja haki ya kuishi. Ndiyo maana baadhi wanakubaliana na upande wa mashtaka wakiri kuua bila kukusudia. Na anayetaka kukata rufaa atoe notisi ndani ya siku 30, asingoje nakala ya hukumu.

Mwana_Isevya
Nimewasoma wote. Karani anasema PI, Fundi anasema kadi, Toboa anasema kipigo, Dokta kiroba, Warina mganga. Mimi bado nipo kwenye siku tatu: kiroba, mganga, laini iliyorudishwa na jina lisilotajwa, vyote vinatokea kabla karani hajaliona jalada.

Karani wa Zamani
Na nimeona majalada yaliyokuja safi yakafia mikononi mwetu. Hujanishawishi.

Fundi wa Gungu
Wakati mnabishana, mwenye pikipiki ya mkataba aende leo apige picha shingo ya fremu na injini, azitunze mahali nje ya simu ya dereva.

Chuma Chakavu
Fundi, kwenye Boxer ya injini iko upande wa kiki au upande wa gia?